Gunia si gunia: somo nililolipata Nambis

   

Leo sina mapishi wala habari za mapazia. Nina kisa ambacho nimekibana moyoni kwa muda mrefu, na kila nikikaa kukiandika naona haya. Lakini nimeona bora nikitoe, huenda kikamfaa dada mmoja mwenye duka, au dada mwengine anayefanya kazi kwenye duka la mtu.

Wengi mnajua kwamba rizki yangu inatokana na kompyuta. Nafunga mifumo ya mauzo na stoo kwenye biashara za watu, naitunza isiharibike, na nawafundisha wafanyakazi kuitumia. Ukimwambia mtu hivyo, anadhani kazi yako ni mashine. Na mie nilidhani hivyo kwa miaka, mpaka nilipokaribia kumponza mwanamke mwenzangu kwa tarakimu moja niliyoiandika kwa mkono wangu.

Safari ya kwenye baridi

Mwanzoni mwa 2024 alinipigia simu mfanyabiashara mmoja anayekaa Arusha. Alikuwa na duka la pembejeo kijijini Nambis, karibu na mji wa Mbulu, mkoa wa Manyara. Anauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kununua mazao kwa wakulima: mahindi, maharage, alizeti, na kile kitu ambacho bila yake pilau yetu si pilau, vitunguu thomu. Thomu nyingi tunazonunua sokoni zinatoka huko Mbulu. Akataka mfumo ambao yeye akiwa Arusha atafungua simu na kuona kilichoingia na kilichotoka.

Nikaondoka baada ya Idi, wiki ya mwisho ya Aprili. Boti mpaka Dar, basi mpaka Babati kupitia Dodoma, kisha basi jengine linalopanda ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Dareda na Dongobesh. Jamani, baridi! Mtu wa Unguja anayetoka na kanga mbili na buibui jepesi asijaribu. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mashamba kama shuka lililotandikwa, na watu wamejifunika mablanketi wanaendelea na shughuli zao kama hakuna kitu.

Nilikuwa na siku tatu na wafanyakazi wanne: keshia, wauzaji wawili, na binti mmoja mtunza stoo. Huyu wa stoo ni Muiraqw wa hapohapo, mama wa mtoto mmoja, mkimya, mwenye daftari kubwa lililochakaa pembe ambalo haliachi mkononi. Siku ya kwanza adhuhuri iliponikuta, aliniona nazungukazunguka natafuta pa kusalia. Yeye ni Mkristo. Hakuniuliza kitu. Akafagia pembe moja nyuma ya stoo, akatandika gunia safi, akaniletea maji ya uvuguvugu kwenye ndoo. Akasema tu, "Mwalimu, maji ya huku ni baridi, utaumwa."

Nataka muikumbuke ndoo hiyo.

Maneno yalivyotuchekesha

Siku ya kwanza tulicheka sana. Mie niliingiza bidhaa kwa Kiswahili changu cha Unguja. Nikaandika "mbatata", wakaulizana mbatata ni nini. Viazi, nikawaambia. Nikaandika "thomu". Keshia akatafuta "saumu", hakuiona, akaiongeza mwenyewe. Muuzaji naye akaandika "swaumu". Kufika jioni duka lilikuwa na bidhaa tatu kwa kitu kimoja, na stoo ya kila moja ina hesabu yake.

Hilo nililiona na nikalirekebisha. Tukakaa, tukakubaliana jina moja kwa kila kitu, majina ya ziada nikayafunga. Nikajisikia mwalimu hodari kweli. Kumbe kosa la jina linajionesha lenyewe kwenye skrini. Kosa la kipimo linajificha.

Siku ya tatu, muda umekwisha na basi langu ni alfajiri ya pili yake, nikawa napanga vipimo: kilo, lita, mfuko, gunia. Sisi tumezoea polo la mchele kilo 50, basi nikauliza, gunia la huku kilo ngapi? Mtu mmoja akajibu, "Mia." Nikaandika: gunia moja ni kilo 100. Nikaweka kwa mazao yote.

Yule binti wa stoo akanyanyua mkono. Akasema, "Mwalimu, gunia si gunia. La mahindi ni mia. La alizeti ukilipakia hivyohivyo halifiki sabini."

Anasema kweli, na yeyote aliyewahi kubeba anajua. Alizeti ni nyepesi. Gunia lilelile linalobeba kilo mia za mahindi, ukilijaza alizeti unapata sitini na kitu. Thomu nayo ina mambo yake: ikiingia mbichi ina uzito mmoja, ikikaa ikakauka ina mwengine, na hakuna aliyeiba hata punje.

Mie nilikuwa nimeshika kipanya, macho kwenye skrini. Nikamjibu bila kumtazama, "Usijali mdogo wangu, mfumo utapiga hesabu."

Mfumo utapiga hesabu! Mfumo unapiga hesabu ya kile ulichoambiwa. Nilijua hivyo siku ya kwanza niliyokaa darasani. Lakini nilikuwa nimechoka, na ukweli ni kwamba sikutegemea mtunza stoo wa kijijini awe na la kunifundisha.

Nikamaliza kwa kuwaambia sasa madaftari wayaweke kando, mambo yote ni kwenye mfumo. Wakanipigia makofi. Nikapanda basi.

Mtandao ulipokatika

Hazikupita wiki tatu, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti pwani yetu, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu. Mnakumbuka siku zile? Nchi nzima ilikuwa inasuasua, WhatsApp inazunguka tu. Kule Nambis mfumo wangu mzuri haukufunguka. Nilikuwa nimewafundisha kuutumia ukiwa mzima. Wafanye nini ukizimika, sikuwafundisha hata dakika moja.

Yule binti hakunipigia kulalamika. Alivuta daftari lake akaendelea kuandika. Mtandao uliporudi akaingiza yote kwenye mfumo, moja baada ya moja, na tangu siku ile akawa anaandika pande zote mbili. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Lau angenitii, pengine nisingekuwa na kisa cha kukuandikieni leo, na yeye angekuwa na jina jengine kijijini kwake.

Simu ya Julai

Msimu wa mavuno ukafika. Julai tajiri akanipigia, sauti imebadilika. "Bibie, mfumo wako umenisaidia kumkamata mwizi."

Wallahi nilifurahi. Nikasema alhamdulillah, nikamuuliza nani. Akanambia ni yule wa stoo. Alizeti iliyoingia ni kilo 4,000, iliyouzwa ni kilo 2,584. Kilo 1,416 hazionekani, na kwa bei aliyonunulia ni zaidi ya milioni moja na laki moja. Ameshamsimamisha kazi mbele ya wenzake, na anafikiria kwenda polisi.

Nilipokata simu nikawa na kitu kinanikereketa. Usiku watoto wamelala nikafungua mfumo. Alizeti iliingia magunia 40. Arubaini mara mia, elfu nne. Sawasawa, bila kilo moja ya juu wala ya chini. Nani aliwahi kuona magunia 40 ya alizeti yakapimika elfu nne kamili?

Ile sauti ikanirudia. Mwalimu, gunia si gunia.

Nilikaa pale jikoni mpaka alfajiri. Na nikwambieni kitu ambacho ndicho kilichonichelewesha kuandika: wazo la mwanzo lililonijia halikuwa lake yeye. Lilikuwa langu. Nikifuta ile mia nikaandika sitini na tano, halafu nikamwambia tajiri "kulikuwa na hitilafu ndogo, nimeirekebisha", hakuna atakayejua. Yeye atarudishwa kazini, mie nitabaki na mteja. Kila mtu kapata chake.

Lakini hitilafu ndogo haimsafishi mtu aliyeitwa mwizi hadharani. Watu watasema tajiri kamsamehe tu. Na mtoto wake atakua anasikia hivyo.

Baada ya sala nikampigia tajiri. Nikamwambia: kosa ni langu, si la mfumo wala la binti yule. Aliniambia mwenyewe nikiwa pale, nikampuuza. Nikamuomba atafute daftari lake. Kuja kufunguliwa, kila gunia limeandikwa kwa uzito wake wa mizani, na jumla ni kilo 2,590. Tofauti na zilizouzwa ni kilo sita, vumbi na zile zinazomwagika. Nikaandika barua ya maelezo, nikaitia sahihi, nikamuomba aisome mbele ya walewale waliokuwepo siku alipomsimamisha. Namshukuru, aliisoma.

Binti alikuwa amekaa nyumbani siku tisa.

Haikutokea kwangu tu

Nilipoanza kusoma ili nijue wengine wamejikwaa wapi, nikakutana na kisa cha posta ya Uingereza, na sikulala tena. Kuanzia 1999 matawi ya posta kule yaliwekewa mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonesha upungufu wa pesa ambao haupo. Wasimamizi wa matawi, watu wa kawaida wenye viduka vyao, wakaambiwa wameiba. Mpaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walilipa kwa akiba zao, wengine walipoteza nyumba, na mwaka 2010 mama mmoja alipelekwa jela akiwa mjamzito. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikasema mfumo ulikuwa na makosa, na 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia hatia.

Miaka yote hiyo walikuwa wanasema, "Mimi sikuchukua." Na kila mara jibu lilikuwa: kompyuta inasema umechukua.

Nambis na Uingereza ni mbali. Lakini mie nilikuwa nimesema maneno hayohayo, kwa Kiswahili.

Nani aseme, nani aandike

Mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nimeisikia tangu chuoni, na siku zote nilikuwa naangalia habari ya mwandishi: aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika. Nilijiona ni mie huyo. Baada ya Nambis niliisoma tena na ushehe wake, nikasimama pale ambapo siku zote nilikuwa napita. Mwandishi anaandika, lakini anayetamka ya kuandikwa ni yule ambaye haki iko juu yake, yaani mwenye kudaiwa. Si mwenye mali wala mwandishi.

Nikafikiri: katika duka lile, stoo ikipungua nani atadaiwa? Yule binti. Basi yeye ndiye aliyetakiwa anitajie vipimo, na mie nimuandikie. Mie nilimnyamazisha, nikajitamkia mwenyewe, kisha deni likaandikwa kwa jina lake.

Hiki ndicho ninachotaka muondoke nacho. Mtu atakayekuja kuulizwa kuhusu namba ndiye aitamke namba hiyo tangu mwanzo. Ukimuweka kando siku ya kufunga mfumo, usimuite siku ya kutafuta mwizi.

Nilivyorudi

Agosti nikarudi Nambis kwa gharama zangu, na safari hii nikiwa na sweta. Nilimkuta stoo, amesharudi kazini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Mdogo wangu, nisamehe. Uliniambia." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yameisha, mwalimu. Lakini juzi mama mmoja sokoni ameniuliza, kumbe hukuiba? Sikujua nimjibu nini."

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina. Barua inasomwa mara moja, maneno ya watu yanatembea miguu mingi.

Tukafanya kazi. Safari hii yeye alikaa kwenye kiti na kushika kipanya, mie nikasimama nyuma. Alifungua daftari lake akanitajia kila zao: mahindi hivi, maharage hivi, alizeti isiandikwe kwa gunia kabisa, kila mzigo upite kwenye mizani na kilo ziingizwe kama zilivyo. Kwa thomu tukaweka sehemu ya kuandika kupungua kwa kukauka, na tarehe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Kumbe mara ya kwanza hakuwa mzito, ni kwamba hakuwahi kukigusa.

Kwa wenye biashara na wenye kazi kama yangu, haya ndiyo ninayoyafanya tangu siku hizo:

1. Anayejifunza ndiye anayeshika kipanya. Ukimfanyia, ameona. Akifanya mwenyewe, akakosea na kurudia, amejua. Nakuwa na nakala ya mazoezi ambayo wanaweza kuiharibu watakavyo bila hesabu za duka kuguswa.

2. Vipimo na majina kwanza, vifungo baadaye. Siku nzima ya mwanzo sifungui kompyuta. Nakaa stoo na wanaopima na kubeba, nauliza: hiki mnakiitaje, kinaingia vipi, kinatoka vipi?

3. Kila mtu na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Mkitumia moja watu wanne, siku ya makosa wote wanne ni washukiwa, na mara nyingi anayelipa ni mnyonge wao.

4. Nakala ya akiba, na njia ya karatasi. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhitaji kufundishwa kwamba umeme unaondoka. Nakala ikae pahala pengine, na mara mojamoja ijaribiwe kuifungua, maana nakala isiyofunguka ni sawa na hakuna. Na daftari libaki. Siku mfumo umezimika kila mmoja ajue ataandika wapi.

5. Watu wawili kwa kila kazi. Akiugua au akijifungua mmoja, duka lisisimame, na mwenye likizo asipigiwe simu kitandani.

6. Namba isiyoingia akilini iulizwe kabla ya mtu kuulizwa. Elfu nne kamili ilitosha kutushtua. Kapimeni tena, hesabuni tena, tazameni mipangilio, halafu ndiyo mseme na mtu, faraghani, na kwa heshima.

Na wewe dada unayefanya kazi kwenye duka la mtu: andika. Hata mfumo uwe mzuri vipi, weka kidaftari chako, tarehe na uzito na jina la aliyeleta. Na ukimwambia mwalimu kitu akakupuuza, mwambie tena. Mie ningeambiwa mara ya pili, huenda ningegeuka. Ingawa hilo nalo, nikilifikiri, si haki kumtwika yeye. Mara moja ilitosha. Aliyekosa masikio ni mie.

Siku ya kuondoka alinifungia thomu kwenye mfuko, nzuri, zilizokauka sawasawa. Nikatoa pesa akakataa. Halafu akaziweka kwenye mizani, kilo mbili na robo, akafungua daftari akaandika: zawadi, mwalimu. Kisha akakaa kwenye kompyuta, akaingiza.

Nikampikia mume wangu pilau ya thomu zile Ijumaa iliyofuata. Kila nikizimenya nikaikumbuka ile ndoo ya maji ya uvuguvugu.

Tuombeane, wapenzi. Tuombe Mola atujaalie mikono isiyopunguza vipimo vya watu, na masikio ya kusikia wanaovijua. Nakutakieni wiki njema.